Jogoo wa Ndala ya Kushoto: Maisha ya Marehemu Arsène Mugisho Ntakwinja (1968–2025)

"Ondoa hilo shuka lako, Séraphine! Mlango sina, sasa unanizibia na dirisha!"

Hayo ni maneno ya marehemu, asubuhi moja ya mwezi wa nne mwaka huu. Waliokuwa wanateka maji pale bondeni Kasubi waliyasikia wote, maana kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia, lakini sauti kilimwachia nzima. Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, wembe kwenye mkono wa kushoto, na shuka lililoanikwa na dada yake lilikuwa limemkatia mwanga wa kazi.

"Litakauka kabla ya adhuhuri," dada yake akamjibu kutoka uani. "Kwani una safari?"

"Hata wafungwa wa Luzira hutolewa nje wakaota jua!"

"Wafungwa wa Luzira hawaletewi chai ya maziwa kitandani."

"Nimejaza ukuta huu mzima kwa kazi ya mkono wangu. Nani ameiona? Mke wangu, wewe, na kuku wa Mama Aluoch. Nikifa leo mtasema nilikuwa nafanya nini humu?"

"Tutasema ulikuwa unapiga kelele."

Marehemu akaongeza neno kuhusu ulimi wa dada yake na mwanamume aliyeukimbia, neno lisilofaa kurudiwa mbele ya jeneza. Dada akavua ndala ya mguu wa kushoto, akaitupa dirishani. Ikampata kifuani. Hakuirudisha.

Ndala hiyo tutaifikia. Kwanza tuanze pale mtu anapoanzia.

Arsène Mugisho Ntakwinja alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa kwanza wa Papa Fulgence Ntakwinja na Mama Monique Nabintu, wote wametangulia mbele ya haki. Baba yao alikuwa karani wa bohari ya chai. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia na kugonga mhuri kwenye karatasi ya dereva, na mtoto alipenda kukaa chini ya meza ile akingoja kishindo. Pa! Bila kishindo hicho lori haliondoki, hata dereva alie, hata mvua inyeshe juu ya chai. Kikishalia, kila kitu kinaamka: injini, watu, vumbi. Arsène aliwahi kusema alikuwa mkubwa tayari ndipo akajua kwamba lori huendeshwa kwa mafuta. Yeye alidhani linaendeshwa na mhuri wa baba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu, akamaliza mwaka 1981, kisha miaka miwili ya sekondari, mpaka mshahara wa baba ulipoanza kuja kama mgeni, yaani leo yupo, miezi mitatu hayupo. Mwalimu wake wa darasa la tatu aliwahi kumwita baba na kumwambia, "Mtoto huyu ana akili, lakini anachora." Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaingia nyumbani. Mwaka 1977, Arsène akiwa na miaka tisa, alichukua ndala ya kushoto ya dada yake Séraphine aliyekuwa na miaka mitano, akakata soli yake kwa wembe wa baba na kuchonga jogoo. Tundu la mkanda wa mbele akalifanya jicho. Akasaga makaa, akachanganya na mawese, akapata wino. Siku hiyo jogoo aligongwa kila mahali: kwenye daftari la katekisimu, kwenye gunia la unga wa muhogo, kwenye mlango wa choo cha jirani, na kwenye paji la uso la mdogo wake huyo huyo aliyebaki na ndala moja. Mama Monique alimchapa kwa ndala iliyobaki, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Jumapili Séraphine alikwenda Misa mguu mmoja umevaa, mmoja uko peku, akilia njia nzima.

"Nitakulipa," kaka akamwambia.

"Lini?"

"Nikiwa mkubwa."

Akawa mkubwa. Akaota ndevu, zikaingia mvi, hakulipa. Kila walipogombana, na waligombana sana, kwa kuwa ndugu wasiogombana hawajuani, dada alimaliza kwa kusema, "Na ndala yangu je?" Naye alijibu, "Mimi bado mdogo."

Mwaka 1985 alijifunza kazi ya kuchonga mihuri kwa mkono kwa fundi mmoja karibu na soko la Kadutu, na mwaka 1991 akaweka meza yake mwenyewe. Kazi hiyo si ya kila jicho. Mchonga mihuri huchonga kila kitu kinyume, kulia kikae kushoto, ili kikigongwa kwenye karatasi kitoke sawa. Arsène alikuwa na kioo kidogo cha mfukoni cha kukagulia. Wateja walipoinama mezani walikuwa wanapiga kelele, "Fundi, umekosea jina langu!"  Aligonga mhuri kwenye kiganja chao, wakasoma, wakalipa. Parokia, zahanati, vyama vya wauza kahawa, shule za ushonaji, wote walipita mezani pake.

Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na Mama Estelle Mapendo, binti wa Bagira, na Mungu akawajalia watoto wawili, Bénit na Olivia. Ilikuwa nyumba ya mzaha na makelele. Lakini bibi harusi alikuwa na lalamiko moja lililoanza hata kabla keki haijaisha. "Umechonga majina ya mapadri wote wa Bukavu," alimwambia. "Langu je?"

"Jina lako si la biashara," mume akajibu, akajiona amesema jambo kubwa. Estelle hakuona ukubwa wowote.

Mwaka 2010 watu wenye bunduki walikuja mezani kwa Arsène wakiwa na karatasi. Walitaka awachongee mhuri wa ofisi isiyo yao. Aliwaambia raba imekwisha. Walirudi wakiwa na raba yao. Aliwaambia wembe umepoteza makali, waje kesho na noti akanunue mwingine. Hawakupata nafasi ya kuja mara ya tatu wakamkuta, maana yeye, Estelle na watoto walikuwa wamekwisha panda gari. Nyuma yao meza ilichomwa moto. Tarehe 9 Oktoba 2010 waliingia Kampala, wakafikia kwa dada yake Séraphine, aliyekuwa ametangulia na kuuza dagaa katika soko la Kasubi. Aliwatafutia chumba jirani na chake, chini ya bonde, karibu na mtaro, kwa kuwa ndicho walichoweza. Mtu yeyote asimlaumu dada kwa chumba kile. Juu ya mlima walikuwa wanataka pesa za mawaziri.

Mjini alipata nusu ya meza katika mtaa wa wapiga chapa. Nusu ya pili ilikuwa ya Bwana Wanyama, Mkenya wa Bungoma, mchapaji wa kadi za harusi, ambaye yuko hapa leo na ameahidi kutolia. Wakati huo mashine zilikuwa zimeanza kutengeneza mihuri kwa dakika chache, lakini walikuwepo waliotaka ya mkono, na Arsène alikula kwa hao.

Sasa tuseme ukweli, kwa kuwa mazishi yasiyo na ukweli ni sherehe ya mtu mwingine. Kampala haikumfunga marehemu. Kilichomfunga ni kungoja. Mwaka 2014 familia iliitwa kuhojiwa juu ya kuhamishiwa nchi ya mbali, na mwisho wakaambiwa, "Mtapigiwa simu." Tangu siku hiyo Arsène aliishi kama mtu aliyesimama kwenye foleni. Hakubadili namba ya simu. Hakununua kitanda, maana kitanda hakipandi ndege, basi wakalala kwenye godoro chini mwaka baada ya mwaka. Hakuruhusu msumari ukutani. Estelle alipotaka kupanda sukumawiki kwenye magunia, aliambiwa, "Nani atazila? Sisi tutakuwa tumeondoka." Na yeye, mtu aliyechora tangu anaota meno, aliacha kuchora. Mihuri ya watu alichonga mchana kutwa. Akirudi nyumbani alikaa tu, simu juu ya goti.

"Chora basi, Papa Olivia," mkewe alimwambia.

"Nitachora tukifika."

Kila kitu kilikuwa tukifika. Kucheka, tukifika. Kumtembelea Bénit aliyekwenda kufanya kazi Nairobi, tukifika.

Wanyama alikuwa anamchokoza mbele ya wateja. "Mzee Arsène, Kampala nzima inakuja kwako kutafuta mhuri, wewe unangoja wa nani? Jichongee wako upande ndege!"

"Wanyama, nikijichongea nitavuka bahari na uongo mgongoni. Huko nitautua wapi?"

"Kale, haya, ngoja basi. Kungoja hakuna ushuru."

Maneno yale yalimuuma, kwa kuwa Wanyama alikuwa anacheka lakini hakuwa anatania. Mkono ule ungeweza kuuchonga mhuri wowote wa ofisi yoyote, na mwenye mkono alikuwa anajua. Aliwakatalia wenye bunduki, akajikatalia mwenyewe. Karatasi yake ikabaki inangoja kishindo kama lori la chai.

Tarehe 6 Februari 2019, akiwa mezani mjini, wembe ulimdondoka. Aliinama kuuokota, hakuinuka. Wanyama alimbeba mpaka kwenye teksi, akampeleka Mulago. Madaktari walimwokoa, na baada ya majuma matatu akarudi Kasubi akiwa na nusu ya mwili wake. Kanisa lilitoa kiti cha magurudumu, kizuri, kipya, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kati ya mtaro na ukuta wa jirani hakipiti, na ngazi za kupanda barabarani ni za mbuzi. Kiti kikabaki nje mlangoni. Kuku wa Mama Aluoch, jirani yetu Mjaluo, wakaona wameletewa kiota. Walitaga humo, wakaatamia humo, na Mama Aluoch alikuwa muungwana, kila juma alileta mayai mawili akiita kodi ya nyumba.

Marehemu hakucheka. Alilala amegeukia ukuta. Simu aliiweka chini ya mto, na hata chaji ilipoisha hakusema.

Mwezi wa sita, asubuhi moja, akamwambia mkewe, "Nipe wembe."

Estelle hakumpa. Alikuwa ameficha nyembe zote ndani ya pipa la unga tangu watoke hospitali, na aliyeolewa atajua kwa nini.

"Nipe, Mama Olivia. Si unavyofikiri."

Akampa, akakaa kumtazama, hata uji ukaungua jikoni. Arsène alichukua kipande cha soli ya ndala kuukuu, akakibana chini ya goti lililokufa, akaanza kuchonga kwa mkono wa kushoto, mkono usiowahi hata kushika kijiko. Alifanya hivyo mpaka jua likaondoka dirishani. Kisha akaomba kidau cha wino, akagonga juu ya karatasi ya mkate.

Estelle aliinama akatazama. Akageuza karatasi juu chini. "Papa Olivia, hii ni lugha gani?"

Marehemu akavuta kioo chake cha mfukoni, akakiweka kando ya karatasi. Ndani ya kioo likasomeka, safi kabisa: ESTELLE. Alikuwa amelichonga jina lilivyo, bila kuligeuza! Fundi aliyechonga mihuri zaidi ya miaka thelathini amefanya kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, tena kwa jina alilokuwa akidaiwa tangu harusini.

Basi alicheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, mate yakimtoka, mpaka Mama Aluoch akaja mbio akidhani kuna msiba.

"Kesho nitarekebisha," akasema.

Angalieni neno hilo, ndugu zangu. Kwa miaka mitano mtu huyu hakuwa na kesho, alikuwa na tukifika tu. Kesho yake akaligeuza jina, likatoka sawa lakini herufi mbili zimemeguka. Akasema kesho. Kesho ikatoka vizuri lakini imelala upande. Alipolipata sawasawa, akaona kikombe cha chai kina umbo zuri, akachonga kikombe, kikatoka kama kiatu. Kesho nitarekebisha. Hivyo ndivyo alivyoanza, na hakuacha. Kila asubuhi baada ya chai, mhuri mmoja, si mkubwa kuliko kiberiti, kabla jua halijaondoka dirishani. Alichonga jerikani, nanasi, pua ya Mama Aluoch, kiti cha magurudumu chenye kuku, mvua juu ya mabati. Siku ya homa alichonga nukta moja, akasema ni mwezi kwa mbali.

Sheria yake ilikuwa moja: kibaya nacho kigongwe. Dada yake alimwambia mara moja, "Hicho ficha, Arsène, kitatuaibisha." Alimjibu, "Ukificha cha leo, cha kesho utaogopa kukianza." Akakigonga ukutani katikati kabisa, mahali pa picha ya harusi.

Mwaka ule ule alimwambia Estelle, "Nunua kitanda." Estelle alikaa chini akalia, na si kwa ajili ya mgongo tu. Sukumawiki zikapandwa.

Mwaka 2020 serikali ilipowafungia watu wote majumbani, marehemu alifungua dirisha akapaza sauti, "Karibuni gerezani! Mimi ndiye mnyapara humu! Lieni kidogo, kisha fanyeni kitu kimoja kila asubuhi, kidogo tu, kibaya ruhusa!" Majirani walimtukana. Baadaye wengine walikuja dirishani wakiomba vipande vya soli.

Lakini tusidanganyane. Ukuta uliojaa picha bado ni ukuta. Pasaka ya mwaka 2022 Wanyama na vijana wa kwaya walimbeba mgongoni mpaka kanisani. Watu walifurahi, wakapiga vigelegele. Yeye alirudi ameinamisha kichwa. "Nimebebwa kama gunia la makaa," akasema, "na kila mtu amenishika shavu. Msinitoe tena." Tulibembeleza, akakataa. Alitaka kutoka kwa miguu yake, na miguu yake ndiyo hiyo. Wakati huo simu yenyewe haikuwa imelia, wala hakuiuliza tena. Alichokuwa anataka sasa kilikuwa kidogo na kigumu zaidi: kitu chake kimoja kitoke nje ya mlango ule, kiende, kionekane na mtu asiyekuja kumhurumia. Hata Wanyama alipotaka kuzipeleka karatasi zake mjini, alisema, "Utawaambia ni za mgonjwa. Waache."

Ndiyo maana asubuhi ile ya shuka alikuwa na hasira. Haikuwa shuka.

Siku zilizofuata dada yake alitembea na ndala mbili zisizojuana: yake ya bluu mguu wa kulia, na ya kijani ya kuazima kwa Mama Aluoch mguu wa kushoto, kubwa kama mtumbwi. Kila jioni alisimama dirishani.

"Ndala yangu!"

"Iko kazini."

"Ya kwanza ulichukua nikiwa na miaka mitano. Sasa nina mvi, umechukua ya pili!"

"Punguza sauti, majirani watajua umri wako."

Kisha asubuhi moja, mvua ya alfajiri imekatika, dada anapita na beseni lake la dagaa, ndala ikatoka dirishani kama ilivyoingia, ikampiga mgongoni. Aliivaa bila kuitazama, kwa hasira, akapanda ngazi kuelekea sokoni. Hakufika mbali.

"Mama Séraphine!" Mama Aluoch alimwita kutoka nyuma. "Nyabo, simama hapo hapo. Kuna jogoo anakufuata."

Dada aligeuka. Katika tope jekundu, kuanzia chini ya dirisha, kwenye ngazi, mpaka pale alipokuwa amesimama, kila mahali mguu wake wa kushoto ulipokanyaga, palikuwa na jogoo. Kishungi kimesimama, mkia umechanua, mdomo unatazama mbele. Na jicho lake lilikuwa lile tundu la mkanda.

Aliweka beseni chini. Alirudi mpaka dirishani akikanyaga pembeni, asiwaharibu.

"Haya ndiyo malipo?"

"Ya ile ya kwanza ndiyo hayo unayoyakanyaga," marehemu akasema.

"Na hii ya pili uliyoninyang'anya juzi?"

"Iko mguuni pako. Unataka na riba?"

"Nitafikiri," dada akasema. Hakusema deni limekwisha. 

"Usisimame hapo," kaka akamwambia. "Nenda nayo sokoni. Zunguka. Usipite njia ya mkato."

Tangu siku hiyo palikuwa na taarifa kila jioni, kama ya redio.

"Leo amefika wapi?"

"Amepanda mpaka lango la makaburi ya wafalme."

"Akaingia?"

"Hakuwa na kiingilio. Amebaki nje anawatazama Wazungu."

Siku dada alipokwenda kumwona mgonjwa, jogoo alifika Mulago, na marehemu akauliza kama wauguzi walimkumbuka. Siku aliyofuata samaki Port Bell ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote. "Ameona ziwa," dada akamwambia. "Amekanyaga kwenye tope pale meli zinapopakia. Wachukuzi wawili wamesimama kumtazama, mmoja akafuta wengine kwa kiatu ili abaki mmoja aliyetoka vizuri."

"Hakujua ni wa nani?"

"Atajuaje? Aliona jogoo tu."

Marehemu alijiinua kidogo kitandani. "Basi amepita karibu na jela ya Luzira."

"Amepita ukutani kabisa."

"Hawakumkamata?"

"Walimtazama, wakamwacha aende."

Alicheka kwa ule upande wake mmoja. Jioni ile alikula chakula chote, na Estelle atashuhudia.

Haikuchukua muda watu wakaanza kumfuata jogoo kinyume. Mama Laker, Mwacholi anayeuza simsim pale sokoni, alizifuata nyayo kutoka meza ya dagaa, akashuka ngazi, akapita mtaro, akasimama dirishani. "Ndiyo hapa anapolala jogoo?" akauliza, na akavua ndala yake kabla hajajibiwa. Yeye alitaka samaki. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndani kuna mgonjwa, wala hakumshika mtu shavu. Waligombana nusu saa juu ya mapezi. Baada yake wakaja wengine, na mwezi wa tano ulipoanza palikuwa na ndala zimepangwa kwenye kizingiti cha dirisha zikingoja asubuhi zao. Moja kwa siku, hata mtu aje analia. Tope la bonde letu likajaa nyota, vitana, majani, na chombo kimoja ambacho Wanyama anasisitiza ni baiskeli.

Alhamisi tarehe 22 Mei 2025 Mama Estelle alirudi kuchukua kikombe cha chai, akamkuta ameegemea ukuta wake, wembe mkononi, presha imekwisha mchukua. Chai aliyoinywa ilikuwa nusu. Samaki wa pili wa Mama Laker, wa mguu wa kulia, alikuwa hajapata mkia. Mama Laker amesema anamchukua hivyo hivyo, na mwenye kumcheka amcheke mbele yake.

Marehemu ameacha mjane, Mama Estelle Mapendo. Watoto wawili, Bénit aliyefika jana kutoka Nairobi, na Olivia. Mjukuu mmoja, Amani. Dada mmoja, Séraphine, anayewasomea haya. Rafiki yake Wanyama, ambaye naona ahadi imemshinda. Na Mama Aluoch pamoja na kuku wake, ambao tangu Alhamisi hawajataga. Tunawashukuru madaktari, jumuiya ndogo ya Kasubi, kwaya, na vijana waliombeba leo kupanda zile ngazi. Safari hii hakulalamika.

Kina mama walimwambia dada yake avae viatu vyeusi vya heshima kwa ajili ya siku hii. Olivia naye aliomba ndala iwekwe ndani ya nailoni, iwe kumbukumbu, maana soli inalika, na kishungi kimeshaanza kufifia. Dada amewakatalia wote wawili. Jogoo huyu hakuchongwa akae kwenye nailoni. Atatembea mpaka atakapokwisha, na akiisha, ameisha akiwa njiani.

Mvua imenyesha asubuhi, udongo uko tayari. Mkiondoka hapa tazameni chini, kuanzia upande wa kushoto wa kaburi, mtamwona amelizunguka lote, mdomo mbele. Msimkanyage.

Kaka, ile ndala ya mwaka 1977, na ile ya juzi, na riba yake: sikudai tena. Pumzika kwa amani, Arsène. Jogoo yuko barabarani.